Hadi na Ahadi

Mjomba wangu ana pikipiki sita. Tatu ni za petroli na zimezeeka pamoja naye. Tatu ni za umeme, na alizichukua mwaka jana kwa neno langu. Ningeweza kuandika "kwa ushauri wangu", na ingesikika vizuri zaidi, lakini sikumshauri chochote. Alinipa maneno ya watu nimsomee, nami nikamrudishia pungufu.

Biashara yake ni samaki. Ananunua alfajiri, anawapanga kwenye masanduku yenye barafu, kisha vijana wake wanasambaza kwenye hoteli na mikahawa ya kaskazini mwa Mombasa: Nyali, Bamburi, Shanzu, Mtwapa, na mara mojamoja Kilifi. Ni biashara ndogo, lakini ukikaa ukahesabu petroli ya pikipiki sita, siku sita kwa wiki, utaelewa kwa nini mtu aliyekuja na habari za umeme alikaribishwa chai. Alikuja na mkataba wa kurasa 14, wote kwa Kiingereza. Mjomba akanipigia simu Nairobi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikiza, wewe ndiye msomi wetu. Nakutumia karatasi hapa kwa simu. Hebu nisomee, uniambie zimesema nini."

Nilikuwa na habari ya kumalizia kabla ya saa kumi na mhariri alikuwa amenipigia mara mbili. Nikapitisha macho. Ukurasa wa tatu ulisema pikipiki inakwenda hadi kilomita 80 kwa chaji moja. Mimi nikasema, "Inakwenda kilomita 80 kwa chaji moja, mjomba." Neno "hadi" nililiacha. Wala sikuwa na hila yoyote. Nililiacha kama mtu anavyoweka mwiba pembeni ya sahani, kwa kudhani si sehemu ya chakula.

Wiki ya tano, hoteli moja ya Kilifi iliagiza samaki wengi. Mjomba akapiga hesabu: kutoka hapa hadi Kilifi ni kama kilomita 60, pikipiki inakwenda 80, kijana atafika, atachaji hukohuko akiwa anapumzika, kisha arudi. Hesabu safi kabisa. Kijana akaondoka chaji ikiwa imejaa, nyuma sanduku la samaki na barafu, mbele upepo wa kaskazi ukimpiga kifuani. Akapita Mtwapa, akapita Kikambala, akapita Vipingo. Kabla ya Takaungu pikipiki ikazima. Wanaoijua barabara ile wanajua kilichopo pale: mkonge kulia, mkonge kushoto, na kivuli hakuna. Vituo vya mafuta alivipita njiani, lakini kituo cha mafuta kingemsaidia nini? Alikaa pale saa tatu hadi pikapu ikapatikana. Barafu ilikuwa imekuwa maji, na hoteli ikakataa mzigo.

Mjomba alikata nusu ya mshahara wa kijana wa mwezi ule. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila hasira: "Mkataba umesema 80. Yeye hakufika hata 60. Sasa ameendeshaje?"

Hapo ndipo nilipoumia. Mjomba hakuwa amekosea kufikiri. Alifikiri sawasawa kabisa, akianzia kwenye sentensi yangu.

*

Nikarudi kwenye mkataba ule nikausoma wote, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Ukurasa wa 13, kwenye kiambatisho, kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo: kilomita 80 zilipimwa kwa mpanda mmoja wa kilo 70, bila mzigo, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, barabara tambarare. Hapakuwa na sanduku, barafu wala kaskazi katika maelezo yale. Na hakuna kijana anayekwenda Kilifi kwa mwendo wa 40 huku matatu zikimpigia honi mgongoni.

"Hadi" ni neno la mpaka. Linakuambia jambo halitavuka hapa. Halikuambii kwamba litafika. Pikipiki inayokwenda kilomita 80 imetimiza neno "hadi 80", na inayokwenda 50 imelitimiza vilevile. "Ahadi" ni kitu kingine. Sisi tunasema ahadi ni deni. Kati ya hadi na ahadi kuna herufi moja tu, na ndani ya herufi hiyo moja kumejengwa biashara nyingi sana.

Wala si biashara za mtaani peke yake. Kwa miaka mingi magari mapya ya Ulaya yalipimwa kwa utaratibu ulioitwa NEDC, ambao matokeo yake yalikuwa matamu kuliko barabara. Kuanzia 2017 ukaletwa mwingine, WLTP, wenye mwendo mkubwa zaidi na majaribio yanayokaribia maisha ya watu. Gari lilelile, betri ileile, likapungukiwa kilomita kwenye karatasi bila kuguswa spana. Marekani wana kipimo chao, cha shirika la EPA, na China wana chao, CLTC. Kwa hiyo gari moja linaweza kuwa na masafa matatu, na yote matatu yakawa kweli. Kilomita bila kutaja zimepimwaje ni kama bei bila sarafu. Mtu akikuambia "mia mbili", si utauliza, mia mbili shilingi au dola?

Mjomba hakuuliza kwa sababu aliamini mimi nimeshauliza.

*

Swali linalonisumbua ni la zamani kuliko betri. Mtu akisema neno la kweli, huku msikilizaji akilisikia vingine na kuumia, nani amekosea?

Jibu jepesi ni la sokoni: mnunuzi afungue macho. Na jibu hilo lina uzito wake, tusilidharau. Msemaji hawezi kubeba kila kosa la kila sikio. Kama ningewajibika kwa kila namna ninavyoweza kueleweka vibaya, nisingeandika hata salamu. Tena hata petroli ina "hadi" zake: hakuna pikipiki inayokula mafuta kama kijitabu chake kinavyodai.

Lakini petroli tumeijua kwa miaka na miaka, sote kwa pamoja. Dereva anajua kutikisa tangi na kusikiliza. Anajua mzigo unakula mafuta, na akikosea anatembea na chupa hadi kituo cha karibu. Kosa la petroli lina dawa ya shilingi mia mbili. Umeme umekuja juzi, na kosa lake bado halina chupa. Kwa sasa, anayeuza anajua kitu ambacho anayenunua hawezi kukijua kwa kutikisa tangi. Nami naamini kadiri pengo hilo linavyokuwa pana, ndivyo deni la mwenye kujua linavyokuwa kubwa.

Nina kipimo changu kidogo. Ukitaka kujua kama neno la kweli limetumika kama chambo, jiulize: msemaji angechukia kama msikilizaji angelielewa vizuri? Muuza matunda anayeweka makubwa juu ya fungu angechukia ukilipindua. Anayekuambia "hili ni la jana, nakupunguzia" hachukii chochote.

Nilikuwa tayari kumpima yule mwuzaji kwa kipimo hicho na kumhukumu. Nikampigia. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Bro, hata mimi niliambiwa 80." Nikamwamini. Na hilo likanivurugia kila kitu, maana ningependelea awe mwongo.

Fikiria njia iliyopita namba ile. Kiwandani, mhandisi aliandika 80 pamoja na masharti yake yote. Yeye ni mkweli. Mwandishi wa matangazo akahamisha masharti nyuma na kubakisha "hadi". Naye, kwa herufi, ni mkweli. Mwuzaji akajifunza namba peke yake. Mimi nikaitafsiri nikiwa na haraka. Mjomba akaipigia hesabu. Kila mkono uliipokea na kuiacha imepungukiwa kaneno kamoja, mpaka ilipomfikia kijana ilikuwa amri. Hapakuwa na mwongo hata mmoja katika mlolongo huo, na bado kulikuwa na mtu aliyedhulumiwa.

Tumezoea kutafuta dhuluma kwa kumtafuta mdhalimu. Ipo dhuluma ya aina nyingine, inayoshuka kama maji, ikitafuta sehemu ya chini kabisa, na huko chini daima humkuta mtu ambaye hakuonyeshwa karatasi. Ndiyo maana siku hizi nadhani jukumu kubwa zaidi si la aliye juu wala aliye chini. Ni la yule aliyesimama katikati, anayesikia lugha zote mbili. Yeye peke yake anaweza kuliona neno likianguka.

*

Kuna watu watasema: sawa, lakini mambo haya ni ya kitaalamu, huwezi kumweleza kila mtu. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka mke wa mjomba aliponifundisha adabu.

Nilikuwa nimeketi sebuleni kwao nikijaribu kurekebisha nilichoharibu. Namweleza mjomba kwamba kilowati na kilowati-saa ni vitu viwili. Mkataba ulikuwa na mota ya kilowati 3 na betri ya kilowati-saa 3, na siku ile kwenye simu nilivitamka kama kitu kimoja. Kilowati, nikasema, ni kasi ya kutumia umeme, kama upana wa bomba. Kilowati-saa ni kiasi chenyewe, kama maji yaliyomo kwenye mtungi. Mjomba ananitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeweweseka. Mkewe akatokea jikoni na simu mkononi, ametoka kununua tokeni za stima.

"Hizo kilowati-saa si ndizo yuniti?"

Kumbe! Yuniti moja ya tokeni ni kilowati-saa moja, bila kuzidi wala kupungua. Mwanamke yule amekuwa akizinunua kwa miaka, akiingiza tarakimu 20 kwenye mita na kujua kwamba pasi ikiwaka asubuhi, jioni ataona tofauti. Mjomba akageuka mara moja: "Kwa hivyo betri nzima ni yuniti tatu? Yuniti tatu peke yake inanifikisha wapi na barafu yote ile?" Lilikuwa swali alilopaswa kuuliza kabla ya kutia sahihi, na lilimjia sekunde tano baada ya kupewa neno la nyumbani kwake.

Si kwamba mambo yalikuwa magumu. Mimi ndiye niliyeleta neno la darasani kwenye nyumba iliyokuwa na neno lake tayari. Majirani zetu wa Tanzania walilijua hili walipouita mfumo wao wa umeme wa malipo ya kabla LUKU: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Jina lote ni sharti la mkataba, kwa Kiswahili, linaloeleweka na bibi kizee na mwanafunzi wa darasa la tatu. Hakuna kiambatisho.

Na historia iko upande wa mke wa mjomba. Kilowati tunayoitamka kwa hofu imebeba jina la James Watt, mtu wa karne ya 18 aliyekuwa na shida ya kibiashara. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton walikuwa wakitoa injini za mvuke kwa wenye migodi na kudai theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, wakilinganisha na injini za zamani. Ulikuwa mkataba wa "lipa kadiri unavyookoa", na wapo wenye migodi kule Cornwall waliogoma kuulipa. Lakini kwa wateja waliotumia farasi hapakuwa na makaa ya kulinganisha. Basi Watt akakadiria kazi ya farasi mmoja na kuwahesabia injini kwa farasi. Hakuwaletea neno jipya. Alichukua mnyama waliyekuwa wakimlisha kila siku. Mwaka 1882, wanasayansi wa Uingereza walipotaka jina la kipimo, wakalichukua la kwake. Nguvu ya farasi mmoja ni karibu wati 746.

Sisi nasi hatukuachwa nyuma. Neno letu "stima" lilianza kama jina la meli ya mvuke, na huku Kenya likahamia kwenye nyaya. Kila usiku taa zikizimika tunasema stima imepotea, tukiitaja injini ya mvuke bila kujua. Lugha haishindwi na mitambo. Inachohitaji ni mtu wa kukaa chini na kuuliza: hiki, nyumbani tunakiitaje?

*

Maneno mengine kwenye mkataba ule nitayapitia kwa haraka, isipokuwa moja.

"Afya ya betri" ni kiasi ambacho betri inaweza kubeba ikilinganishwa na siku ilipokuwa mpya. Magari mengi ya umeme huja na dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, na dhamana hulipa betri ikishuka chini ya asilimia 70. Maana yake, betri iliyobaki na asilimia 71 ni nzima kwa sheria. Lakini 80 za karatasi zimekuwa 57 kabla hata hujapakia barafu. Mtu mwenye pikipiki kadhaa hapaswi kupanga safari kwa umri wa leo wa betri. Apange kwa umri itakaokuwa nao mkopo ukiisha. "Chaji ya haraka" nayo ni ya haraka kwa sehemu tu: ikipita asilimia 80 hivi hupunguza mwendo ili betri isichoke. Na saa ya kuchaji ni pesa. Tangu 2023 Kenya ina bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri, na usiku ni nafuu zaidi.

Neno ambalo siwezi kulipita haraka ni "umiliki". Mkataba wa mjomba ulikuwa na ukurasa mzima wa kile kinachoitwa gharama jumla ya umiliki: bei, umeme, matengenezo, yote kwa miaka mitano, na mwishoni umeme unaishinda petroli. Hesabu ile haikuwa ya uongo. Hata sasa pikipiki za umeme zinamwokolea pesa. Ila ukisoma ukurasa wa tisa, betri si yake. Amenunua pikipiki, betri amekodi.

Nilipomweleza alicheka sana. "Yaani nimenunua mashua, tanga la watu?"

Ndivyo. Na kukodi tanga si lazima kuwe kubaya. Kigali, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwabadilishia madereva wa pikipiki betri tangu 2019, na faida yake iko wazi: betri ikizeeka, mzigo ni wa kampuni. Hapo Nairobi BasiGo wana mabasi ambayo mwenye matatu hulipia kadiri ya kilomita anazokwenda. Lakini aliyekodi tanga lazima ajue kwamba mwenye tanga akiondoka, mashua inabaki. Israel ilikuwa na kampuni iliyoitwa Better Place, iliyoanzishwa 2007, yenye vituo vya kubadilisha betri za magari. Mwaka 2013 ikafilisika. Waliokuwa na magari walibaki nayo, na ile ahadi ya vituo ikafungwa pamoja na vituo. Ulaya, waliouziwa Renault Zoe mkononi mwa mtu waligundua wengine wao kwamba betri ina kodi yake ya kila mwezi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga; hawakutuambia kwamba siku hizi matanga huandikwa ukurasa wa tisa.

Halafu kuna hilo neno "jumla". Nilitafuta ndani yake zile saa tatu za mkonge. Nilitafuta samaki waliokataliwa, na nusu mshahara. Hazikuwemo. Mali bila daftari hupotea bila habari, tunasema, lakini hata daftari huweza kupoteza mali kwa kuchagua safu zipi liwe nazo. Jumla yoyote ni uamuzi wa nani ahesabiwe.

Ndivyo ilivyo pia kwa neno wanalolipenda kuliko yote, "safi". Pikipiki ya umeme haitoi moshi. Hilo ni kweli hapa inapopita. Kenya neno hilo lina msingi hata nyuma ya soketi, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wetu ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Lakini baadhi ya betri zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, kule Kolwezi na jirani zake, ambako wachimbaji huitana kwa Kiswahili wakiwa ndani ya mashimo. Zipo betri zisizo na kobalti kabisa, za chuma na fosfati. Mkataba wetu haukusema ni zipi. Ulisema "safi", ukanyamaza, na mtu anayezungumza lugha yetu huenda yuko upande wa pili wa ule ukimya.

*

Wapenzi wa vitabu mtakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare kuhusu mkataba wa nyama ya mtu. Kwa Kiingereza jina linamtaja mfanyabiashara. Yeye, mwaka 1969, akaiita Mabepari wa Venisi. Hakuwa amekosa neno la mfanyabiashara. Alichagua, na kwa uchaguzi huo tunaingia ukumbini tukijua tayari mtafsiri amesimama wapi.

Kwa miaka mingi nilishangilia ile sehemu ya mahakamani kama kila mtu. Shylock anadai ratili yake ya nyama kama ilivyoandikwa. Hakimu, ambaye ni Portia aliyejibadilisha, anausoma mkataba kwa makini kuliko yeye: nyama imo, damu haimo. Mkopaji anaokoka kwa herufi. Safi sana! Sasa nikiisoma sishangilii vile. Naona watu wawili wanaojua kusoma wakipigana kwa karatasi, na anayejua zaidi anashinda. Siku ile herufi ilikuwa upande wa anayestahili huruma. Kesho itakuwa upande wa mwenye wakili. Anayeokolewa na herufi leo hana budi kujiuliza nani ataangamizwa nayo, na kule kwetu jibu lilikuwa kijana mmoja kando ya mkonge.

Nilimwambia mjomba ukweli: kosa lilikuwa langu, si la dereva, na pesa za kijana zirudi. Alifikiri kidogo. "Zirudi," akasema. "Lakini zitoke kwako. Wewe ndiye uliyesoma."

Sikuwa na la kujibu. Nilitoa.

Nilimkuta kijana akiosha masanduku. Sikumpa hotuba, nilimweleza tu lile neno nililoliacha na zile sharti za ukurasa wa 13. Akazihesabu pesa, akazitia mfukoni, akasema, "Mimi niliwaambia siku ileile kwamba upepo ulikuwa mkali. Hakuna aliyeniuliza upepo una uhusiano gani." Kisha akauliza kama anaweza kuiona karatasi yenyewe.

Jioni ile tulikaa barazani, mimi na madereva wa zile tatu za umeme. Nilikuja na ukurasa mmoja wa Kiswahili: yuniti za betri, afya ya betri, masafa kwa kilomita. Wakaisoma, wakanyamaza kwa adabu, kisha mmoja akaomba kalamu. Akakata safu yangu ya kilomita. Mahali pake wakaandika wao, kila mmoja akisema alichokiona barabarani, wakabishana, wakakubaliana. Karatasi hiyo sasa imebandikwa ukutani, juu ya soketi za kuchajia. Imeandikwa hivi:

Bila mzigo: hadi Vipingo na kurudi, polepole.
Na samaki na barafu: hadi Mtwapa na kurudi.
Kaskazi ikivuma: hadi Shanzu, usijaribu zaidi.
Kilifi: chukua ya petroli.